Kwa nini ordinateri kubwa zinashindwa kuhesabu maada nzito ya nyota



Kuko hesabu moja ambayo ordinateri zenye nguvu kuliko zote duniani hazijaiweza. Swali lenyewe ni fupi: ukishindilia maada mpaka viini vya atomu vigusane na kubanana, inakuwa kitu gani? Inabaki ngumu, au inalainika? Kanuni zinazoongoza jambo hilo zinajulikana tangu 1973, na zinaandikwa kwa mstari mmoja wa karatasi. Lakini kutoka kwenye ule mstari mpaka kupata namba, njia imefungwa. Na haikufungwa na ukosefu wa feza wala wa mashine.

Mimi si mwanafizikia, nilisoma agronomia. Ninaandika juu ya jambo hili kwa sababu kizuizi chenyewe ni shida ya sampuli, ile tunaita eshantiyo, na sampuli ni kazi ya kila mmoja kati yetu: anayechota udongo ku shamba, anayehoji familia 60 kwa ajili ya memwari yake, anayehesabu wagonjwa katika zoni ya afya. Wanafizikia wamegonga ukuta ambao na sisi tunaukuta, ila sisi mara nyingi tunapita pembeni yake bila kuuona.

Maada nzito ni nini?

Ukishika jiwe mkononi, karibu lote ni nafasi tupu. Kiini cha atomu kinabeba zaidi ya 99.9 kwa mia ya uzito wa atomu, lakini upana wake ni mdogo mara makumi ya maelfu kuliko atomu yenyewe. Sasa fikiria umeondoa ule utupu wote, ukabakiza viini peke yake. Sentimeta moja ya ujazo, ni kusema kipande kama cha sukari, ingekuwa na uzito wa tani milioni 230 hivi. Lori la tani 10 lingefanya safari milioni 23 kukihamisha.

Maada ya namna hiyo iko kweli. Nyota kubwa ikimaliza moto wake, moyo wake unaanguka ndani na unabanana mpaka unakuwa nyota ya nyutroni. Uzito wake unapita ule wa jua letu, mara nyingi karibu mara 1.4, lakini upana wake ni kilometa 24 hivi. Barabara ya Butembo mpaka Beni ni kilometa 54. Kwa hiyo jua zima, na zaidi, limefungwa katika upana usiofika nusu ya safari hiyo. Katikati kabisa ya nyota hiyo, msongamano unapita ule wa kiini cha atomu mara kadhaa. Hakuna maabara duniani inayoweza kutengeneza maada baridi ya namna hiyo tukaishika na kuipima. Ndiyo maana watu wanataka kuihesabu.

Kupiga vigingi

Ndani ya kila protoni na kila nyutroni kuko chembe ndogo zinazoitwa kwaki, na zinashikwa pamoja na gluoni. Nadharia yao inaitwa kromodinamiki ya kwanta. Ugumu wake ni huu: ukijaribu kutenganisha kwaki mbili, nguvu inayozishika haipungui namna mvuto wa dunia unavyopungua ukienda mbali. Inabaki kali. Kwa hiyo ile njia ya kalamu, ya kuanza na jibu la karibu na kulisahihisha kidogo kidogo, haifiki.

Mnamo 1974, Kenneth Wilson alileta wazo ambalo mtu wa kilimo analielewa mara moja. Alisema: tugawanye nafasi na wakati kwa vigingi, kama tunavyopiga vigingi na kamba katika shamba la majaribio. Kwaki zinakaa penye vigingi, gluoni zinakaa ku kamba zinazounganisha kigingi na kigingi.

Tuchukue shamba la kadiri: vigingi 32 kwa urefu, 32 kwa upana, 32 kwenda juu, na 64 kwa upande wa wakati. Vyote pamoja ni vigingi 2,097,152. Kila kigingi kinatoa kamba 4, moja kwa kila upande, tunapata kamba 8,388,608. Hali ya kila kamba inaelezwa na namba 8. Basi unahitaji namba zaidi ya milioni 67 kwa kueleza picha moja tu ya gluoni. Na jibu la fizikia si picha moja, ni wastani wa picha zote zinazowezekana. Hata kama kila namba ingekuwa na hali mbili tu, ndiyo au hapana, hesabu ya picha ingekuwa 2 ikizidishwa kwa 2 mara milioni 67. Hakuna mashine itakayozipitia zote, leo wala kesho.

Tunafanya nini basi? Tunachukua sampuli. Na sisi ku shamba hatuchimbi hekta nzima kwa kupima udongo. Tunatembea zigizaga, tunachota mahali 15 au 20 kwa kina cha sentimeta 20, tunachanganya, tunapeleka maabara. Mnunuzi wa kakao kule Beni hafungui kila punje ya gunia. Anachota juu, katikati na chini, anapasua punje kadhaa, na anajua gunia likoje.

Wanafizikia wanaita njia yao Monte Carlo, jina la mji unaojulikana kwa michezo ya bahati. Kanuni yake maarufu iliandikwa mnamo 1953 na Nicholas Metropolis pamoja na Arianna na Marshall Rosenbluth na Augusta na Edward Teller. Kila picha inapewa pointi kufuatana na uwezekano wake wa kutokea. Mashine inabadilisha picha kidogo. Pointi zikipanda, inakubali badiliko. Zikishuka, inakubali mara moja moja tu, kwa kubahatisha. Hivi inazunguka zaidi mahali penye pointi nyingi. Ni akili ileile ya mtu anayetafuta bei ya maharage ya Butembo: hatazunguka vichakani, ataenda pale maharage yanauzwa kwa wingi.

Mwaka wa 1979 na 1980, Michael Creutz alionyesha kwamba njia hii inafanya kazi juu ya vigingi vya Wilson. Tangu hapo imezaa matunda makubwa. Mwaka wa 2008, kundi la watafiti wa Ulaya lilitoa uzito wa protoni na wa ndugu zake kadhaa kwa kuhesabu tu, na majibu yalilingana na vipimo vya maabara ndani ya asilimia chache. Tunajua pia kwamba ukichoma maada mpaka digrii trilioni 1.8 hivi, protoni na nyutroni zinayeyuka, zinakuwa supu ya kwaki na gluoni. Hiyo yote ilitoka ku sampuli.

Lakini angalia vizuri: yale majibu ni ya maada yenye joto kali sana, au ya chembe moja iliyo peke yake. Si ya maada iliyoshindiliwa. Ukitaka kuongeza msongamano, ile mashine nzuri inakufa.

Faktire za mfanyabiashara

Kwa kuelewa inakufa namna gani, tuache fizikia kidogo, tuingie katika depo ya mfanyabiashara wa Butembo. Huyu mtu nimemtunga mimi, na namba zake ni za mfano.

Ana faktire 10,000 za mwaka mzima, kila moja ya dola 100 hivi. Kati yake, 5,050 ni za kuuza na 4,950 ni za kununua. Tunamuuliza maswali mawili.

Swali la kwanza: feza ngapi zimepita katika mikono yako? Hapa sampuli inatosha. Vuta faktire 100 bila kuchagua, tafuta wastani, zidisha kwa 10,000. Utapata karibu dola milioni moja, na kosa litakuwa dogo.

Swali la pili: faida ni kiasi gani? Jibu la kweli ni dola 10,000, kwa sababu kuuza kumepita kununua kwa faktire 100. Sasa vuta tena faktire 100. Kwa wastani ungetegemea 50 na nusu za kuuza na 49 na nusu za kununua. Lakini bahati inasogeza hesabu kwa faktire 5 hivi, huku au kule. Ukipata 55 kwa 45, utatangaza faida ya dola 100,000. Ukipata 46 kwa 54, utatangaza hasara ya dola 80,000. Mtu yuleyule, daftari lilelile! Mmoja wenu atamshauri afungue depo ya pili, mwingine atamwambia auze nyumba.

Je, tukiongeza sampuli? Sheria inajulikana: kosa linapungua kwa mzizi wa pili wa idadi. Kupunguza kosa mara 10, inaomba sampuli mara 100. Kwa huyu mfanyabiashara, ili kosa liwe tu sawa na faida yenyewe, unahitaji faktire 10,000, ni kusema zote. Sampuli haikukusaidia kitu.

Kuko namna fupi ya kuliona jambo hili. Chukua tofauti (faktire 100) ugawanye kwa jumla (10,000): unapata 0.01. Kisha gawanya 1 kwa 0.01, na tena kwa 0.01: unapata 10,000. Hiyo ndiyo sampuli ya chini kabisa ya kuanza kuona kitu. Shika hii kanuni, tunarudi kwayo sasa hivi.

Shida ya ishara

Katika maada ya kawaida ya hesabu za Wilson, kwaki na antikwaki zinalingana kwa wingi. Mchango wa moja na mchango wa nyingine vinakutana na kutoa pointi chanya. Na pointi zikiwa chanya, tunaweza kuzitumia kama uwezekano: picha hii ina nafasi kubwa, ile ndogo.

Maada iliyoshindiliwa inavunja ule ulinganifu, kwa sababu ndani yake kwaki zinapita antikwaki kwa mbali. Katika hesabu unaingiza kigezo kinachosema zimepita kwa kiasi gani. Kinaitwa potenshali ya kikemia, na kinaandikwa kwa herufi ya Kigiriki mu. Ukishakiweka, pointi za picha hazibaki chanya. Zinakuwa kama mishale: moja inatazama Lubero, nyingine Beni, nyingine Kasindi. Jibu ni mshale mdogo unaobaki baada ya kujumlisha yote, na karibu yote inauana. Wanafizikia wanaita hali hiyo shida ya ishara.

Ni yule mfanyabiashara wetu, lakini mbaya zaidi kwa sababu mbili. Kwanza, faktire zake ungeweza kuzisoma zote kwa wiki moja. Picha za gluoni haziishi. Pili, ule uwiano wa tofauti na jumla haukai mahali pamoja. Kila ukipanua shamba la vigingi mara mbili, unajizidisha kwa wenyewe.

Tuone kwa namba. Tuseme shamba dogo lina uwiano wa 0.1. Kwa kanuni yetu, sampuli 100 zinatosha kuanza kuona. Panua mara mbili: uwiano unakuwa 0.01, sampuli 10,000. Panua tena: 0.0001, sampuli milioni 100. Panua tena: 0.00000001, na sampuli ni 1 ikifuatwa na sifuri 16. Mashine inayotoa picha milioni moja kila sekunde ingefanya kazi zaidi ya miaka 300. Na picha za kweli za gluoni hazitoki kwa mwendo huo hata kidogo.

Hapa ndipo watu wengi wanasema: tungoje mashine mpya. Basi mashine yenye nguvu mara elfu moja inakuja. Sampuli zako zinapanda kutoka sifuri 16 hadi sifuri 19. Unajua imekuongezea nini? Shamba kubwa kidogo tu, karibu moja ya tano zaidi. Nguvu mara elfu, shamba moja ya tano! Ndiyo maana nilisema feza si kizuizi. Mnamo 2005, Matthias Troyer na Uwe-Jens Wiese walionyesha kwamba dawa moja ya kuponya shida ya ishara kila mahali ingekuwa pia dawa ya kundi zima la maswali magumu ya hisabati, ambayo hakuna aliyewahi kupata njia fupi ya kuyamaliza. Haimaanishi kwamba hakuna swali hata moja litakaloponywa peke yake. Lakini usitegemee ufunguo mmoja wa milango yote.

Njia za pembeni

Watafiti hawakukaa wakilia. Wametafuta njia za pembeni, na kila moja ina mpaka wake.

Ya kwanza ni kupima pale ambapo hakuna shida, pale mu ni sifuri, pamoja na kuangalia jibu linaelekea wapi ukisogea kidogo. Inatumia mfululizo wa Taylor, ule tulisoma mwaka wa kwanza. Sisi tunaijua hatari yake. Umejaribu mbolea kilo 0 mpaka 100 kwa hekta, mavuno yakapanda vizuri. Ukirefusha ule mstari mpaka kilo 500, karatasi itakuahidi mavuno ya ajabu, na shamba litaungua. Mfululizo huu unafaa mpaka mu (ya protoni na nyutroni) ifike karibu mara tatu ya joto, tukipima vyote kwa kizio kimoja. Katika nyota ya nyutroni, uwiano huo unapita elfu nyingi.

Ya pili ni kumpa mu thamani ya kinamba dhahania, ile yenye mzizi wa kasoro moja. Kwa hisabati tu, mishale yote inarudi kuwa chanya na sampuli inafanya kazi. Halafu unatafsiri majibu kurudi katika ulimwengu wa kweli. Tafsiri hiyo nayo ni kurefusha mstari, basi haifiki mbali.

Ya tatu inaacha kabisa wazo la uwezekano. Inaitwa Langevin changamano, na ilipendekezwa mnamo 1983 na Giorgio Parisi, na John Klauder kwa upande wake. Inaziacha namba zitembee katika nafasi pana zaidi, zikisukumwa na kelele ya kubahatisha. Wakati mwingine inafika vizuri kabisa. Wakati mwingine inatulia juu ya jibu la uongo, na kwa kuitazama tu ungedhani imefaulu. Kwa hiyo watu wametunga vipimo vya kuikagua kila mara kabla ya kuiamini.

Ya nne ni ordinateri za kwanta. Hizo, kwa asili yake, hazihitaji kugeuza mishale kuwa uwezekano. Lakini mpaka sasa zinahesabu mifano midogo tu, mbali na maada ya kweli.

Kisha kuko wanaoanza kwa pande mbili. Upande wa chini, nadharia za nguvu kati ya nyutroni na nyutroni zinaaminika mpaka msongamano wa kiini cha atomu, au karibu mara mbili yake. Upande wa juu kabisa, kwenye mara 40 hivi, kwaki zinaachiana na kalamu inafanya kazi tena. Katikati kuko pengo, na moyo wa nyota ya nyutroni unakaa humo humo.

Satelaiti yenye jina letu

Kama hesabu haiwezi kutoka chini, tunaweza kuuliza nyota zenyewe. Na hapa Afrika yetu ya Mashariki iko ndani ya habari.

Tarehe 12 Desemba 1970, satelaiti ya Marekani iliondoka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa na Waitalia baharini karibu na Malindi, Kenya. Ilikuwa satelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi moja tu: kutafuta miale ya eksi angani. Walichagua pale kwa sababu ni karibu na ikweta, na dunia inavyozunguka inaipa roketi msukumo wa bure kuelekea mashariki. Siku hiyo Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya kujitawala. Marjorie Townsend, mama aliyeongoza mradi huo, aliiita Uhuru. Hawakulitafsiri lile jina: vitabu vya astronomia vya dunia nzima vinaandika Uhuru, kwa Kiswahili.

Nyota za nyutroni zinazopiga mawimbi ya redio zilikuwa zimegunduliwa mnamo 1967 na Jocelyn Bell, alipokuwa mwanafunzi wa doktora Cambridge. Uhuru ikaongeza kitu kipya. Iliona chanzo kinachoitwa Centaurus X-3 kikipiga miale ya eksi kila sekunde 4.8, sawa na moyo. Ilikuwa nyota ya nyutroni inayonyonya gesi ya nyota jirani. Na nyota mbili zikizungukana, unaweza kuzipima uzito kwa mwendo wake. Ule mlango ulifunguliwa hapa, juu ya maji ya Malindi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata tuzo ya Nobel mnamo 2002.

Hesabu unayoweza kuifanya wewe

Uzito wa nyota unatusaidia nini kujua ugumu wa maada? Jibu linapita katika hesabu ya pili, na hii haiombi mashine kubwa.

Mnamo 1939, Robert Oppenheimer na George Volkoff, wakitumia kazi ya Richard Tolman, waliandika namna nyota ya nyutroni inavyojibeba. Hatua zake ni hizi:

1. Unachagua presha ya katikati ya nyota.
2. Unachagua sheria ya maada: kwa presha hii, msongamano ni huu. Hicho ndicho kitu ambacho shida ya ishara inatunyima, kwa hiyo unaweka ile unayotaka kuijaribu.
3. Unatoka katikati kwenda nje kwa hatua ndogo, tuseme mita 10. Kila hatua unaongeza uzito wa ganda ulilolipita, na unapunguza presha kadiri mvuto unavyodai. Kwa Newton, punguzo ni mvuto wa uzito ulio ndani yako, mara msongamano, mara hatua, ukigawanya kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Einstein anaongeza masahihisho matatu yanayofanya mvuto uwe mkali zaidi.
4. Presha ikifika sifuri, umetoka juu ya nyota. Andika umbali na uzito.
5. Rudia kwa presha nyingine ya katikati, mpaka uone uzito wa juu kabisa ambao maada yako inaweza kubeba.

Kwa nyota ya kilometa 12 hizo ni hatua 1,200. Ordinateri ya kawaida inazimaliza kwa kufumba na kufumbua. Programu ya Python ni ya bure, na ukishaiweka inafanya kazi bila mega. Kisha jikague: punguza hatua iwe mita 5. Jibu likibadilika sana, hatua yako ilikuwa kubwa mno.

Sasa ona uzuri wake. Oppenheimer na Volkoff waliweka nyutroni zisizosukumana kwa nguvu ya kiini. Uzito wa juu ulitoka mara 0.7 ya jua. Lakini mnamo 2010 Paul Demorest na wenzake walitangaza nyota ya nyutroni yenye uzito wa mara 1.97 ya jua. Basi ile sheria laini imekufa: maada ya kweli ni ngumu kuliko hapo, na sheria yoyote isiyoweza kubeba jua mbili hivi inatupwa. Tarehe 17 Agosti 2017, mitambo ya LIGO na Virgo ilisikia nyota mbili za nyutroni zikigongana, na namna zilivyovutana na kujipinda ilikataa sheria zilizo ngumu kupita kiasi. Mnamo 2019, chombo cha NICER kilichoko katika kituo cha anga cha kimataifa kilipima nyota moja kikakuta nusu ya upana wake ni karibu kilometa 13. Upande huu unabana, upande ule unabana, na pengo linakuwa dogo. Halijafungwa bado.

Inatuhusu nini?

Kwanza, memwari zetu. Kabla ya kwenda ku terene na karatasi za maswali, jiulize: ninatafuta jumla, au tofauti ndogo kati ya vitu viwili vikubwa? Mavuno ya wastani ya kahawa ni jumla, familia 60 zinaweza kukupa jibu la maana. Lakini faida halisi ya mkulima baada ya kutoa gharama zote, au kaboni ambayo udongo umepata kupita ile uliyopoteza, au chakula kinachoingia mjini kupita kile kinachotoka, hizo ni tofauti. Fanya hesabu ya faktire kabla ya kuanza. Uwiano wako ukiwa 0.01, familia 60 zitakupa namba, na namba hiyo itapendeza katika jedwali, lakini haitakuwa na maana. Afadhali ubadilishe swali, au ufuate familia zilezile kwa misimu miwili na upime badiliko la kila moja, kuliko kuongeza karatasi tu. Shirika likipeleka mbegu au likikata msaada kwa kufuata namba ya namna hiyo, anayelipa ni mkulima.

Pili, wale wadogo wetu wanaosoma fizikia au hisabati na wanaulizwa kila siku watakula nini. Kizuizi kikubwa cha elimu hii hakiondolewi na aliye na mashine kubwa kuliko wengine, kwa maana mashine mara elfu inaongeza moja ya tano tu. Kitaondolewa na mtu atakayeliandika swali kwa namna nyingine, ili mishale isiuane. Kazi hiyo inaanza kwa kalamu na daftari. Mwenye ordinateri na aanze na zile hatua tano leo jioni, na akipata uzito wa mara 0.7 kwa nyutroni zisizosukumana, ajue amefika pale Oppenheimer na Volkoff walifika mnamo 1939. Kutoka pale, abadilishe sheria ya maada na aone kama inabeba jua mbili.